Je, nyimbo za zamani zilimheshimu mwanamke kuliko za leo?

Swali: Binti yetu ana miaka 14, na siku hizi kila akiosha vyombo anaimba nyimbo ambazo mimi mama yake naona haya kuzisikia. Baba yake amepiga marufuku Bongo Fleva ndani ya nyumba. Yeye ni mtu wa dansi la zamani, Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajab, na anasema enzi zile mwanamke aliimbwa kwa heshima. Binti naye anajibu kwamba hata hizo za baba zinawasema wanawake vibaya. Mimi niko katikati. Nani ana haki, na nifanye nini na hilo katazo? (Mama wa Morogoro)

Jibu: Dada yangu, binti yako amesikia kitu ambacho wengi wetu tuliokulia kwenye nyimbo hizo hatukukisikia. Nyimbo za zamani zilikuwa na lugha ya staha zaidi, hilo simpingi shemeji. Lakini staha ya lugha ni jambo moja na heshima kwa mwanamke ni jambo jingine, na mtu akiyachanganya ataishia kufungia viuno huku akiruhusu dharau iliyovaa suti.

Mimi nikisikiliza wimbo wa mapenzi siulizi kwanza kama maneno yake ni machafu. Nauliza nani anasema, anamsema nani, na huyo anayesemwa amepewa nafasi ya kujibu au hakupewa. Kwa kipimo hicho mambo yanabadilika sana.

Tuanze na "Malaika", wimbo ambao hakuna mtu wa Afrika Mashariki asiyeujua. Fadhili William ndiye aliyeuvumisha, ingawa mgogoro wa nani aliutunga haujaisha hadi leo. Kijana anampenda msichana, angemuoa, lakini hana mali. Wimbo ni mzuri mno na sitaki kumwondolea mtu raha yake. Ila tazama waliomo. Msichana ni malaika, kisha ni kidege. Hana hata sentensi moja. Hatujui kama yeye mwenyewe alidai hiyo mali, au ni wazazi wake, au ni wasiwasi wa kijana tu. Na kijana naye amepimwa kwa kitu kimoja: anacho au hana. Miriam Makeba aliuimba wimbo huu duniani kote, na hata katika kinywa cha mwanamke yule mkubwa, anayelia ni kijana wa kiume asiye na mahari, na msichana amebaki kimya.

Kisha njoo kwa "Stella", wa Freshley Mwamburi wa Kenya. Bwana anasimulia jinsi alivyouza mali zake ili mpenzi wake aende masomoni Japani. Tarehe ameitaja ndani ya wimbo, 17 Mei 1992, siku ya Jumapili: anakwenda uwanja wa ndege Nairobi kumpokea, na Stella anashuka na mume Mjapani na mtoto. Hadi leo Wakenya wengi huikumbuka tarehe hiyo kila mwaka mitandaoni, wakimtania Stella na kumpa pole Freshley. Uchungu wa wimbo ni wa kweli na mtunzi alijua kazi yake. Yale maelezo ya uwanja wa ndege unayaona kwa macho. Lakini hadithi nzima tunaisikia kwa kinywa cha mwanaume mmoja. Tunajua aliuza nini. Stella aliahidi nini, aliishi vipi ugenini, alijaribu kuvunja uchumba kwa barua au la, hayo hayakutufikia. Elimu ya mwanamke humu imekuwa deni, na namna ya kulilipa ni kurudi na kuolewa na aliyetoa fedha. Sisi wasikilizaji tumelipokea deni hilo kama jambo la kawaida kabisa, tena kwa miaka zaidi ya 30, bila wimbo kutumia neno hata moja la kuaibisha.

Ukitaka ushahidi zaidi, mwambie shemeji apange nyimbo zake zilizopewa majina ya wanawake. Zipo Georgina, Zuwena, Mwanameka, Neema, Mary Maria, na nyingine tele. Muziki wa dansi uliwapenda wanawake kwa majina. Ila wapiga gitaa, waimbaji, watunzi na viongozi wa bendi karibu wote walikuwa wanaume, kwa hiyo Zuwena ameimbwa, amebembelezwa, amelaumiwa, na wimbo umekwisha bila yeye kufungua mdomo. Sisemi kwamba walikuwa watu wabaya. Kazi ya bendi ilikuwa ya usiku, baa na ukumbini, na mwanamke aliyesimama jukwaani huko aliitwa majina. Familia nyingi hazikukubali. Matokeo yake ni kwamba tuna hazina kubwa ya nyimbo kuhusu mapenzi ya watu wawili, na ndani yake tunasikia upande mmoja.

Na ile staha shemeji anayoikumbuka ina sababu yake nyingine. Wakati wa Radio Tanzania Dar es Salaam mlango ulikuwa mmoja. Bendi zilirekodi kwenye studio ya redio ya taifa, na mashairi yalipitiwa kabla ya kurushwa. Mtunzi alijua hilo tangu anashika kalamu, akajifunza kufumba. Tulipata ushairi mtamu kwa njia hiyo. Lakini chujio hilo hilo lilizuia na mengine. Remmy Ongala alipotoa "Mambo kwa Soksi" kuhimiza wanaume watumie kondomu, ukimwi ukiwa tayari unamaliza watu, wimbo haukupewa nafasi redioni. Haukuwa na staha. Kwangu mimi ni miongoni mwa nyimbo zilizomjali mwanamke kuliko nyingi za wakati wake, kwa sababu ulimwambia mwanaume wazi kwamba mwili wake una wajibu.

Sasa, nisieleweke vibaya kwamba zamani wanawake walinyamaza. Walinyamaza kwenye dansi. Ukivuka maji kwenda Unguja habari ni tofauti, na hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo penye jibu la binti yako.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, katika familia iliyotoka utumwani. Alikuja mjini akaishi Ng'ambo, akajifunza kuimba, akawa na kundi la wanaume waliompigia na kutunga pamoja naye, na mwaka 1928 wakasafiri hadi Bombay kurekodi sahani. Waliomwonea kijicho walimtungia kijembe, ambacho Waswahili hawajakisahau: tangu lini amekuwa mtu, naye kaja mjini na kaniki tu, na kama si sauti angekula nini. Tazama kilivyojengwa: nguo yake, asili yake, tumbo lake. Jibu lake Siti alilitoa kwa ushairi uleule, kwamba si hoja uzuri wa sura wala ukubwa wa jadi, hasara ya mtu ni kukosa akili. Mwanamke anatukanwa kwa wimbo na anajibu kwa wimbo, na jibu limedumu pamoja na tusi. Stella hakuipata nafasi hiyo.

Na hakuishia kujitetea. Katika "Kijiti" aliimba kisa cha kweli cha mauaji ya mwanamke mgeni Unguja. Muuaji alikimbilia bara, na wanawake wenyeji wa marehemu waliotoa ushahidi ndio wakaishia jela. Siti akamtaja muuaji kwa jina na akailaumu hukumu ya jaji, wakati wa ukoloni, mbele ya watu. Huo ni muziki wa kupendwa, uliochezwa barazani na harusini. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba wimbo wa burudani hauwezi kubeba neno zito la mwanamke, mwambie lilibebwa karibu miaka 100 iliyopita.

Taarabu ikaendelea kumpa mwanamke kipaza sauti, lakini na yenyewe ina kona zake. Miaka ya 1990 Dar es Salaam ilitawaliwa na mipasho. Makundi ya TOT na Muungano wakishindana, Khadija Kopa upande huu na Nasma Khamis upande ule, kumbi zinajaa. Nadhani umewahi kuona kutunza: beti inafika, mwanamke mmoja anainuka mezani pake, noti imeshikwa kwa vidole viwili juu, anatembea taratibu kwa mwendo wa wimbo, na akifika kwa mwimbaji anageuka nusu, kidole kikielekezwa upande fulani wa ukumbi. Anayejua anajua. Kwa shilingi zake amelichukua lile shairi kwa dakika moja likawa lake. Hakuna muziki mwingine ninaoujua unaompa msikilizaji wa kawaida mamlaka ya namna hiyo, na waliolitumia kwa wingi ni wanawake ambao nyumbani na mtaani waliambiwa wafunge midomo.

Lakini kile kidole kilimwelekea nani? Mara nyingi alikuwa mwanamke mwenzake: mke mwenza, jirani mwenye wivu, hawara wa mume. Mume mwenyewe, aliyewagonganisha, yuko pembeni kama kombe la mashindano. Na mashairi mengi ya taarabu yalitungwa na wanaume, hata yale tunayoyasikia kwa sauti za wanawake. Kwa hiyo kuwa na sauti ukumbini hakumaanishi moja kwa moja kwamba mwanaume ameulizwa swali. Hili nalitaja kwa sababu mabinti wa leo nao wanarithi vita hivyohivyo. Nyimbo nyingi zinazosifiwa kuwa za wanawake jasiri ni za kumkomoa dada mwingine.

Tukija kwenye Bongo Fleva yenyewe, binti yako anasikia mchanganyiko wa yote haya. Yule kijana asiye na mali wa "Malaika" hajaondoka. Diamond Platnumz alijitambulisha kwa nyimbo za namna hiyo, na "Mbagala" ni mojawapo. Na hapa nataka nikuombe uwafikirie na wavulana, maana swali lako limewagusa mabinti peke yao. Mvulana anayekua akisikia, mwaka baada ya mwaka, kwamba mapenzi yanapotea kwa sababu ya pochi, anajifunza mambo mawili mabaya kwa wakati mmoja: kwamba yeye hana thamani hadi awe na fedha, na kwamba msichana ana bei. Siku akizipata hizo fedha, mbona asidhani amenunua?

Kuna nyimbo mbili za miaka ya 2000 ambazo natamani zisikilizwe pamoja mezani. Moja ni "Mume Bwege" wa Bushoke, mume anayelia kwamba mkewe amemgeuza mtumishi wa ndani. Nyingine ni "Wanaume Kama Mabinti" wa Lady Jaydee, inayowasema wanaume wasiofanya kazi za kiume. Ya kwanza watu waliicheka na kuionea huruma. Hebu andika kazi za nyumbani anazolalamikia yule mume, kisha uziweke kando ya siku ya kawaida ya mwanamke yeyote wa mtaa wenu. Kinachoitwa mateso kwake ni ratiba tu kwa mwingine. Ya pili inatoka kwa msanii ninayemheshimu sana, mmoja wa waliofungua njia kwa wanawake katika Bongo Fleva, aliyekuja kuunda bendi yake mwenyewe ya Machozi. Na bado fimbo aliyoichagua kuwachapia wanaume ni kuwaita mabinti. Jina la jinsia yetu ndilo tusi. Binti wa miaka 14 anaelewa hilo haraka kuliko unavyodhani, na ukimwachia aligundue mwenyewe halitamtoka.

Haya, tuje kwenye viuno, maana najua ndiko kulikomsukuma shemeji kwenye katazo.

Mei 2016 serikali ilifungia video ya "Chura" ya Snura, kwa kumdhalilisha mwanamke. Wengi walipiga makofi. Mimi sikuona raha. Kukata kiuno hakukuzaliwa kwenye video. Unyago, kibao kata na ngoma nyingine za wanawake wa pwani zina kiuno tangu hapo, na Bi Kidude, ambaye dunia ilimtuza kwa sauti yake, alikuwa mtaalamu wa ngoma ya unyago hadi uzeeni. Mle ndani mwili ulifundishwa: mwali yupo, somo yupo, maneno yapo, wanaume hawapo. Kilichobadilika ni nani ameshika kamera na anailenga wapi. Tazama video tatu za sasa ukiwa umezima sauti. Nani ana uso na nani ana kiuno tu? Mwanaume amevaa koti na miwani, anaangalia kamera. Mabinti wanaingia wakiwa hawana majina, wanakatwa kuanzia shingoni kwenda chini. Udhalilishaji uko kwenye huo mkato. Mwanamke anayecheza akiwa ndiye mwenye wimbo, mwenye uso na mwenye neno, kwangu ni habari nyingine, hata kama mimi na wewe tungependa avae zaidi.

Ulinganishe na kilichotokea Kenya Novemba 2019. Kundi la Ethic lilitoa "Tarimbo", wimbo wa gengetone, muziki wa vijana wa mitaa ya Nairobi, uliozungumzia kumfanyia mwanamke ukatili wa ngono kama jambo la kuchekesha. Wanawake wa Kenya wakapaza sauti, na wimbo ukaondolewa YouTube. Hapo sina mjadala na mtu. Uchafu wa maneno unaweza kuvumiliwa au kusahihishwa. Wimbo unaomfundisha kijana kwamba ridhaa ya msichana haina maana hauna nafasi ndani ya nyumba, hata mdundo wake uwe mtamu namna gani. Huo ndio mstari ambao ningeomba katazo la shemeji lihamie. Na mwaka uliofuata, kwenye Nairobi ileile, Femi One alitoa "Utawezana" na Mejja: maneno ni ya mtaani kabisa, mwanamke anashika nusu ya wimbo na anarudisha kila kombora analotupiwa. Wimbo huo una matusi mengi kuliko dansi lolote la shemeji. Na bado ndani yake wanazungumza watu wawili.

Nimalizie upande wa leo kwa Zuchu, binti wa Khadija Kopa yuleyule, aliyetambulishwa na lebo ya WCB Wasafi mwaka 2020. Katika "Sukari" mwanamke ndiye anayesifu na mwanaume ndiye utamu. Si wimbo wa siasa, ni wimbo wa raha. Lakini binti akiuimba anajifunza kutaja anachokipenda kwa kinywa chake, badala ya kusubiri kuitwa ua. Mama yake Zuchu aliimba vita vya wanawake ukumbini, mwana anaimba matamanio yake kwa mamilioni ya watu. Kila mmoja ameimba ya kizazi chake, na tofauti yao inastahili kuzungumzwa nyumbani. Tusisahau pia kwamba aliyemsajili, wanaomtengenezea midundo na wanaomlipa kwa sehemu kubwa ni wanaume, kama ilivyo kwa karibu kila msanii wa kike Tanzania. Vanessa Mdee alipoacha muziki mwaka 2020, akiwa bado juu, alisema wazi kwamba maisha ya tasnia yalikuwa yamemuumiza. Wasichana wanaotaka kuwa wasanii wanapaswa kuusikia ukweli huo mapema.

Kuhusu nyumba yako, sasa. Katazo la jumla halitafanya kazi. Simu ya rafiki ipo, daladala lipo, harusi ya Jumamosi ipo. Utakachopata ni binti anayesikiliza yaleyale bila wewe kuwepo. Muombe baba yake abadilishe: nyimbo zinazofurahia ukatili zizimwe, tena yeye mwenyewe aeleze kwa nini, maana neno hilo likitoka kwa baba lina uzito mwingine kabisa. Zilizobaki zisikilizwe kwa sauti, sebuleni, pamoja na za kwake.

Chagueni wimbo mmoja wa baba na mmoja wa binti kwa usiku mmoja. Binti aandike kwenye daftari nani anasema, nani analipa, nani anaondoka, nani analaumiwa. Kisha abadilishe, mwanaume awe mwanamke na mwanamke awe mwanaume, ausome wimbo upya kwa sauti. Mistari itakayowachekesha hapo ndiyo ya kuizungumzia. Kama ana kaka, naye akae. Hizi nyimbo zinamlea yeye pia. Baba asiwekwe kizimbani wala asigeuzwe hakimu, aulizwe tu alipokuwa kijana aliusikia vipi wimbo ule na alidhani msichana alifikiria nini.

Na kwa kuwa umesema anaimba mwenyewe akiosha vyombo, mpe kazi moja ya ziada: aandike jibu la Stella. Beti nne zinatosha, kwa mdundo anaoutaka yeye. Msimsahihishe lugha siku hiyo.